Je, Mgonjwa Aulizwe Uji?

Wazee wetu walisema, Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yajulikana na wote. Mtu aliyelala kitandani kwa homa, asiye na nguvu za kusema, hapaswi kusumbuliwa kwa maswali. Upikwe uji, uletwe, anywe. Akiulizwa atakataa, ama kwa kuwa ugonjwa umemwondolea hamu ya chakula, ama kwa kuona haya ya kuwasumbua watu. Nao waliomwuliza wataondoka wakijisifu kwamba walitaka kutoa. Methali hii ni ya hekima, wala hatukusudii kuitupa. Walakini twataka kutazama kama yamfaa kila mgonjwa, na hasa mgonjwa wa kisukari, ambaye siku hizi hakosekani katika kijiji cho chote.

Twauliza hivi kwa sababu wasaidizi wamekuwa wengi. Wako wahudumu wa afya wa kujitolea wapitao nyumba kwa nyumba. Wako akina mama wa makanisa waendao kuwatazama wagonjwa. Viko vikundi vya kuweka na kukopa, na vikundi vya wagonjwa wenyewe wakutanao kufundishana. Wote wana nia njema. Lakini nia njema, kama mgeni, huweza kuingia nyumbani mwa mtu kwa mlangoni au kwa dirishani, na mwenye nyumba huona tofauti mara moja.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Chakula tulacho, hasa ugali, wali, mihogo, viazi, maandazi na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo si sumu. Ndiyo kuni za mwili. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kufungua njia ili sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili zinazoihitaji. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu kama kuni zilizorundikwa nje ya jiko lililozimika: mtu ana kuni tele na anaona baridi. Basi hukonda, huona kiu, hukojoa mara nyingi, huchoka. Miaka ikipita, sukari hiyo huharibu mishipa midogo ya macho na ya figo, huudhuru moyo, na huifisha miguu hata isisikie maumivu.

Kwa wagonjwa wengine, ambao wengi wao huupata wangali watoto au vijana, insulini hukatika kabisa. Hao hawawezi kuishi pasipo kuchomwa sindano ya insulini siku zote. Kwa wengine, nao ndio wengi zaidi, insulini ipo lakini haitoshi au haitiiwi. Hao husaidiwa na chakula cha kiasi, na kazi za mwili, na vidonge, na baadaye wengine wao na sindano vilevile.

Sasa tazameni jambo hili. Mwaka una saa 8,760. Tuseme mgonjwa ana bahati, naye humwona daktari mara 12 kwa mwaka, kila mara nusu saa. Hizo ni saa 6. Saa 8,754 zilizobaki yu mbali na daktari: shambani, jikoni, safarini, arusini, matangani. Katika saa hizo zote ni yeye aamuaye ale nini, ale kiasi gani, ameze kidonge au akiahirishe, aivue ndala aone unyayo wake au aende kulala. Kazi ambayo kwa mtu mwenye afya kongosho huifanya kimya kimya, pasipo yeye kujua, mgonjwa wa kisukari huifanya kwa akili yake mwenyewe, wala hana likizo. Ndiyo maana twasema kwamba mgonjwa huyu si yule wa methali. Yule alilala siku 5 akaamka. Huyu analima, anafundisha, analea, anaimba kwaya, naye ni mgonjwa miaka 30. Mtu awezaje kuishi miaka 30 pasipo kuulizwa uji?

Walakini wako wasemao, Basi ikiwa kazi ni yake, tumwache. Anajua alichokatazwa, akila, amejitakia. Neno hili husemwa sana, tena husemwa na watu wema, nalo si la kweli. Maana ni nani apikaye chungu? Katika nyumba zetu nyingi chungu ni kimoja, na mwenye kisukari hula kilichomo. Mgeni akija hupewa chai iliyokwisha kutiwa sukari birikani. Akiomba isiyo na sukari, mwenyeji huona kwamba amedharauliwa, au kwamba mgeni amedhani nyumba hii ni maskini. Arusini soda hufunguliwa na kuwekwa mbele ya mtu kabla hajasema neno. Na mama aambiwaye na daktari ale mboga nyingi na ugali kidogo hurudi nyumbani kwenye watoto saba na debe moja la unga. Mtu huyu hatawali mwili wake peke yake. Sisi sote tumeushika mwiko.

Hapa ndipo lilipo swali tunalotaka kulifikiri: mgonjwa ni mtawala wa nafsi yake, na jirani ameushika mwiko, je, mpaka wa mmoja na mwingine uko wapi?

Tarehe ya ugonjwa huu yaweza kutusaidia. Zamani mtoto aliyepatwa na kisukari alikufa, mara nyingi katika muda wa miezi au miaka michache. Madaktari hawakuwa na dawa ila kumpa chakula kidogo mno, hata akawa mifupa mitupu, ili wamwongezee siku. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alichomwa sindano ya insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama, naye akaishi miaka mingine 13. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J. J. R. Macleod. Mwaka 1923 haki ya kuitengeneza dawa hiyo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto, nao Banting, Best na Collip wakalipwa dola 1 kila mmoja.

Mtu angedhani kwamba dawa ilipopatikana, kazi ya jirani ilikwisha. Ikawa kinyume. Mwaka 1926, mjini Lisbon katika Ureno, daktari Ernesto Roma alianzisha chama cha kuwalinda wagonjwa maskini wa kisukari, ili wapate insulini na mafundisho. Ndicho cha kwanza cha namna hiyo duniani. Mwaka 1934, mjini London, kilianzishwa chama kingine na watu wawili ambao wote wawili walikuwa wagonjwa wa kisukari: mwandishi H. G. Wells na daktari R. D. Lawrence. Huyo Lawrence alikuwa Italia akiingoja mauti, akaletewa habari mwaka 1923 kwamba insulini imefika London. Akasafiri kwa motakaa hali amedhoofu sana, akachomwa, akaishi hata 1968.

Basi kwa nini vyama vilizaliwa baada ya dawa, wala si kabla yake? Twaona sababu ni hii. Mgonjwa afaye katika mwaka mmoja huhitaji watu wa kumwuguza na kumzika. Mgonjwa aliyepewa miaka 40 huhitaji watu wa kuishi nao. Dawa ndiyo iliyozaa haja ya wenzi. Tena huko London waliotangulia hawakuwa watu wazima wenye huruma tu, bali wagonjwa wenyewe. Wells na Lawrence hawakusema, Tuwasaidie wale. Walisema, Tusaidiane.

Nasi katika Afrika ya Mashariki haja hiyo imetufikia. Mwaka 1989 madaktari waliopima watu katika vijiji vya Tanzania walitangaza kwamba walioonekana na kisukari hawakufika hata mtu 1 katika 100. Mwaka 2012 upimaji wa nchi nzima, wa watu wa miaka 25 hata 64, ulionyesha kama watu 9 katika 100. Hesabu hizi mbili hazikufanywa kwa namna moja, wala watu wake si wa umri mmoja, kwa hiyo si haki kuzilinganisha neno kwa neno. Lakini hapana shaka kwamba ugonjwa uliosemwa kuwa wa matajiri wa mjini umekwisha kuvuka mto, umefika kwetu.

Je, mwenzi husaidia kweli, au ni maneno mazuri tu? Jambo hili limejaribiwa. Mjini Yaoundé katika Kameruni walichukuliwa wagonjwa 192 ambao sukari yao ilikuwa juu. Nusu waliendelea na matibabu kama kawaida. Nusu ya pili waliongezewa wenzi, yaani wagonjwa kama wao waliokwisha kujifunza kujitawala, waliokutana nao na kuzungumza nao kwa muda wa miezi 6. Habari zake zilipotangazwa mwaka 2015, ilionekana kwamba wote walipata nafuu, lakini waliokuwa na wenzi walipata nafuu kubwa zaidi. Kumbe huko Ayalandi walijaribu jambo karibu sawasawa na hilo kwa wagonjwa 395, kwa miaka 2, na habari zake za mwaka 2011 zilisema kwamba mikutano ya wenzi haikuleta tofauti kubwa.

Wengine wakisikia hivi husema, Basi jambo halina hakika. Sisi twaona lina maana nzuri. Wale wa Ayalandi walikuwa na waganga wao karibu, na sukari yao kwa wastani ilikuwa imetulia tangu mwanzo. Kikombe kilikuwa karibu kujaa, na tone moja halikuonekana. Wale wa Yaoundé walikuwa na kiu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kikundi ni dawa kila mahali. Kikundi kina nguvu pale ambapo mgonjwa amekosa mtu wa kumweleza, na vijiji vyetu vingi ni mahali pa namna hiyo. Zahanati ina foleni ndefu, na muuguzi hana nafasi ya kumweleza mtu mmoja mmoja jinsi ya kuligawa sahani lake. Mwenzi anayo nafasi. Tena yeye hula ugali uleule.

Tuseme habari ya miguu, kwa sababu hapo faida ya jirani yaonekana kwa macho. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba, wala kokoto katika kiatu, wala kaa la moto. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku, wamelala, wasiamke. Msomaji atashtuka, lakini na afikiri: mtu hakuamka kwa sababu mguu haukumwita. Kidonda kikaingia usaha, na vidonda vya namna hiyo ndivyo viwapelekavyo wengi kukatwa mguu. Sasa mzee wa miaka 70, mwenye macho mafifu na mgongo usiopinda, hawezi kuutazama unyayo wake. Daktari hawezi kuja kuutazama kila jioni. Mjukuu aweza. Jirani aweza. Kazi hii haihitaji elimu ya chuo. Yahitaji taa, na dakika 2, na mtu asiyeona kinyaa. Aoshe mguu kwa maji ambayo ameyajaribu kwa mkono wake mwenyewe, aukaushe katikati ya vidole, atazame kama pana jeraha, wekundu au lengelenge, na akiona kitu, mzee apelekwe zahanati kesho yake, asingojee mwisho wa juma. Na mzee avae viatu hata ndani ya ua. Kama mhudumu wa kujitolea asingefanya neno jingine lo lote mwaka mzima ila hili la miguu, tungesema amefanya kazi kubwa.

Lakini tazameni hata hapa jinsi swali la uji lirudivyo. Mguu ni wa nani? Mhudumu aingiaye na kusema, Toa mguu, kama askari adaiye kodi, ataonyeshwa mguu mara moja, na mara ya pili ataambiwa kwamba mzee amesafiri. Aombaye ruhusa ataonyeshwa na ule mwingine.

Twaweza sasa kusema makosa ya wasaidizi, nayo si machache. La kwanza ni ulinzi. Kikundi hugeuka kuwa macho ya kijiji. Mama mwenye kisukari akionekana ameshika andazi, habari hufika nyumbani kabla yake. Matokeo yake si kwamba anaacha andazi. Matokeo ni kwamba anakula akijificha, na siku ya kupimwa haendi, kwa sababu kipimo kimekuwa ushahidi wa kumshtaki. Yatupasa kukumbuka kwamba mashine ndogo ya kupimia sukari haikutengenezwa ili kumjua mkosaji. Ni kama mita ya mafuta ya motakaa: humwambia dereva, si abiria. Mhudumu asiyeweza kuisoma hesabu iliyopanda bila ya kukunja uso hafai kazi hiyo, hata akiwa na bidii gani.

La pili ni ulimi. Mtu akisema siri ya mwili wake katika kikundi, ameweka amana. Wanaume wengi hawaji katika vikundi hivi, nasi huwalaumu kwa kiburi. Lakini kisukari huleta udhaifu ambao mwanamume hawezi kuutaja mbele ya mama mkwe wake, naye mama mkwe ndiye mwenyekiti. Mara nyingine yafaa wanaume wakutane peke yao, na mwongozi wao awe mgonjwa mwenzao.

La tatu ni zito zaidi ya yote: kumwambia mgonjwa aache dawa. Yuko auzaye majani na kusema kwamba yanamaliza kisukari katika siku 40. Yuko aombaye juu ya mgonjwa na kumwamuru atupe sindano kuwa alama ya imani. Hatuwahukumu wanaoomba, sisi wenyewe twaomba. Lakini mtoto ambaye mwili wake hautoi insulini, akinyimwa sindano, aweza kufa katika siku chache tu, na kifo chake huanza kwa kutapika na kuhema kwa nguvu, hata jamaa wadhani ni malaria. Aliyemwamuru kuacha hayupo siku ile. Kikundi chenye haki ya kuitwa kikundi cha msaada na kiandike sheria hii katika daftari lake la kwanza: hakuna mtu hapa awezaye kupunguza wala kuondoa dawa ya mwenziwe, jambo hilo ni la mgonjwa na daktari wake.

Labda msomaji atatuambia, Ninyi mwasema mgonjwa ni mtawala, kisha mwataka tumkataze kuacha dawa? Hapana, hatukusema mumkataze. Tumesema msimwamuru. Mtu mzima akikataa dawa, baada ya kuelezwa na kuelewa, hatuwezi kumfunga kamba. Twaweza kurudi kesho. Twaweza kuuliza kwa nini. Na mara nyingi tutaona kwamba hakukataa dawa, bali fedha zimekwisha naye anaona haya kusema, au vidonge vinamwumiza tumbo, au aliyekuwa akimchoma sindano amekwenda mjini kutafuta kazi. Mtoto ni habari nyingine. Mtoto asiye na insulini hana hiari ya kufa, na wazazi wake hawana hiari hiyo kwa niaba yake.

Sasa tumefika mahali ambapo methali ya wazee yarudi na nguvu zake zote. Mgonjwa atumiaye insulini, au vidonge vya namna fulani, akikosa chakula kwa saa yake, au akilima kupita kiasi, sukari yake huweza kushuka ghafula. Hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, husema maneno yasiyoeleweka, hukasirika bila sababu, hupepesuka. Wapitao njia husema, Amelewa. Wengine hucheka. Mtu huyu yu katika hatari kubwa kuliko yule mwenye sukari iliyopanda, naye katika saa hiyo hana akili za kuamua. Ukimwuliza kama ataka kitu atasema hapana, au atakusukuma. Huyo haulizwi uji! Maadamu aweza kumeza, na apewe upesi kitu kitamu: vijiko 3 au 4 vidogo vya sukari katika maji, au soda ya sukari, au asali. Baada ya kama dakika 15, ikiwa hajapata nafuu, apewe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, maana atapaliwa; alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali mbio.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba sukari ileile tuliyomlaumu kwa kuila jana ndiyo imwokoayo leo. Mlinzi wa andazi hawezi kulielewa hilo. Rafiki alielewa upesi, kwa sababu alikwisha kumwuliza mwenziwe siku ya afya, Ikikupata, nikufanyieje? Kwa maana hiyo hata saa ile isiyo na maswali imetengenezwa kwa maswali yaliyoulizwa mapema. Twapenda kila mwenye kisukari awe na watu 2 au 3 waliokwisha kuambiwa naye: jirani wa shamba, mwalimu wa mtoto, mke au mume. Na kama ni mwanafunzi, mwalimu asiyejua jambo hili ataweza kumchapa mtoto kwa ukaidi hali mtoto yu karibu kuzimia.

Limebaki neno moja gumu, nalo linahusu haki. Ni nani ajitoleaye? Mara nyingi ni mwanamke, tena maskini, aliyekwisha kuchota maji na kupalilia kabla ya kuanza kuzunguka. Tusimsifu mno mpaka tukasahau kumlipa. Kenya mwaka 2023 ilitoa wahudumu wa afya wa jamii kama 100,000, ikawapa mikoba yenye vipimo, na kipimo cha sukari kimojawapo, ikapanga pia wapewe posho kila mwezi. Twaona huo ni mwendo mwema, kwa kuwa huruma isiyo na nauli huchoka. Tena ziko kazi ambazo kujitolea hakuwezi kuzifanya. Kikundi chaweza kufundisha, kutazama miguu, kumchangia mwenzao vipande vya kupimia damu. Lakini kikundi hakitengenezi insulini. Dawa iliyouzwa haki yake kwa dola 1 bado ni ghali kwa mkulima, na Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021, miaka 100 baada ya kuvumbuliwa kwake, kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani wanaohitaji insulini hawaipati. Kwa hiyo mkubwa akisifu moyo wa kujitolea wa wanakijiji huku kabati la zahanati ni tupu, na asikilizwe kwa heshima, kisha aulizwe habari ya kabati. Wale wa Lisbon hawakuanza kwa kufundisha uvumilivu. Walianza kwa kuitafuta dawa.

Na tukirudi katika vijiji vyetu, liko jambo moja lisilongoja serikali wala mfadhili. Sherehe za mavuno zakaribia, na baada yake arusi zitakuwa nyingi. Wapishi na waweke mezani birika mbili za chai, moja yenye sukari na moja isiyo na sukari, na mtungi wa maji safi kando ya soda. Birika ile ya pili isiandikwe kwamba ni ya wagonjwa, wala isiwekwe pembeni. Iwekwe katikati, kila mtu ajimiminie atakayo, na asiwepo wa kuuliza kwa nini.